Kura ya Kitinda

Bweni la wanawake, chumba cha 14
6 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kama kawaida yako, maana siku nitakayosikia umekaa nitajua unaumwa. Bibi mwambie shikamoo yake nimeifunga peke yake, asije akasema amepewa makombo. Anakula? Meno anayavaa, au bado yanalala kwenye kikombe? Mimi ni mzima wa mwili. Vitabu vinasomeka nusu nusu, lakini vinasomeka.

Jirani ameniambia kwamba simu umeifungia kabatini tangu tulipomzika mdogo wangu, na hutaki hata kuisikia ikilia. Sikulaumu. Basi tutaandikiana, kama ulivyokuwa ukimwandikia marehemu mama alipokuwa chuo cha ualimu.

Sasa jambo lenyewe. Chuo kimetangaza kuwa ada ya bima ya afya na meno itapanda tena. Hii ni mara ya tatu katika miaka mitatu, na hakuna mwanafunzi aliyeulizwa. Mjomba, nimechoka kulia. Nimekwenda kwenye baraza la wanafunzi nikapiga meza. Tumeandika pendekezo: ada ya bima isipande zaidi ya asilimia tatu kwa mwaka, na wakitaka kuzidisha hapo, waje watuombe kura kwanza. Sahihi mia tisa tumezipata kwa wiki mbili. Jina wamelitoa wanafunzi wenyewe, si mimi. Wanaiita Kura ya Kitinda. Nilipolisikia jina la mdogo wangu likitamkwa na mtu asiyemjua, nilikwenda chooni nikajifungia.

Nakuomba kitu kimoja tu. Mwaka jana ada ilipopanda, Kitinda alijaza fomu ya kujitoa kwenye bima ya chuo, kwa sababu wewe ulikuwa na bima ya kazini na yeye alikuwa bado na umri wa kuwa tegemezi wako. Mimi nilishapita umri huo, nikabaki kulipa. Fomu ile uliisaini Septemba, na najua nakala ipo kwenye lile kopo la biskuti unamoweka vyeti. Nitumie. Nataka kuisoma mbele ya watu: kijana alikimbia ada, akaegemea bima safi ya mjomba wake anayefua nguo hospitali, na bado dada wa mapokezi wa zahanati ya chuo akamrudisha Jumatatu na Jumanne, shavu limevimba, eti mtandao uko chini, njoo kesho. Alhamisi usaha ulikuwa umeshuka shingoni. Ijumaa tukawa hatuna Kitinda. Kwa jino, mjomba. Jino!

Yule dada simwachii. Nataka atoke pale dirishani.

Mpwa wako,
Wakili


Nyumbani
24 Februari

Wakili wangu,

Marahaba. Na marahaba nyingine, hiyo ya pili iweke akiba, siku ukiniamkia nisipokuwepo uwe nayo.

Barua imefika imekunjwa kona moja, lakini maneno yote yamo. Bibi yako amesikia shikamoo yake akasema, "Huyo ana adabu kuliko yule mdogo." Halafu akakumbuka. Meno havai. Anasema atafune nini. Unakumbuka Kitinda alivyokuwa akiyaficha ndani ya kopo la sukari, Bibi anamkimbiza na mwiko huku anacheka kwa mdomo mtupu? Juzi alifunua lile kopo akatazama ndani muda mrefu. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema sukari.

Kazini tupo, tunajikaza kisabuni. Mashine namba mbili inanguruma kama ina kinyongo na mtu. Wiki hii mifukoni mwa makoti ya madaktari nimetoa kalamu saba, soksi moja ya mtoto mchanga na barua ya mapenzi isiyo na jina. Nimeibandika ukutani, mwenyewe ajitokeze. Mpaka leo madaktari wote wanapita wakiangalia dari. Vijana wa zamu nawaambia kila siku: mfuko kwanza, sabuni baadaye. Hawasikii.

Habari ya kura nimeisoma. Ni jambo la maana, na mama yako angejivunia. Ila mwanangu, usimalize nguvu zako kwa mtu mmoja. Wale wa dirishani ni watu wa kutumwa tu. Anaambiwa sema hivi, anasema hivi.

Fomu nitaitafuta. Kopo lina makaratasi mengi na panya walishapita humo. Usiitegemee sana. Maneno yako yanatosha. Wewe tangu utotoni ukishasema kitu hata paka anakubali.

Kula vizuri. Ukiumwa usingoje.

Mjomba


Bweni, chumba cha 14
11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Akiba nimeiweka. Mwambie Bibi nimecheka kwa habari ya mwiko, halafu nikalia, halafu mwenzangu wa chumbani akanisongea ugali mdogo wa kunituliza, ukaungua. Siku ikapita.

Kura inapamba moto. Mweka hazina wa baraza, kijana mmoja mwembamba anayetembea na kikokotoo kama wenzake wanavyotembea na simu, ananitia kichaa. Anasema tukiibana ada, kampuni ya bima itapunguza huduma za meno. Nikamwambia Kitinda alikuwa nayo meno thelathini na mawili, na lililomuua ni moja. Akaweka kikokotoo chini.

Jumatano iliyopita baraza lilimwita yule dada wa mapokezi ajieleze. Alikuja na sweta la kijani, viganja kavificha ndani ya mikono ya sweta. Nilijua atakana, lakini mjomba, hujapata kusikia uongo uliopangwa kama ule. Eti mtandao wake ulikuwa mzima. Eti alipoingiza namba ya bima yako, kompyuta ilijibu kwamba bima imefungwa tangu Juni. Eti akamwambia Kitinda ampigie mwenye bima, na Kitinda akakupigia palepale dirishani, kisha akakata simu akasema, "Mjomba anasema ni mtandao wenu tu, nije kesho." Jumanne hivyohivyo. Eti alimwambia akae kwenye benchi amwitie nesi amtazame hata bila kadi, na Kitinda akakataa kwa adabu. Akasema, "Hapana dada, mjomba akisema kesho, ni kesho."

Nilisimama nikamwita mwongo mbele ya watu wote. Kitinda aliniambia kwa kinywa chake Jumatano ya wiki ile: "Wamesema mtandao." Wamesema! Na wewe si uko hospitali bado? Sare ileile, geti lilelile. Bima itafungwaje?

Niandikie mistari miwili tu na sahihi yako chini: kwamba Kitinda hakukupigia simu wiki ile, na kwamba bima yako iko hai. Nikiwa na karatasi hiyo, yule dada amemwaga unga.

Wakili


Nyumbani
2 Aprili

Wakili,

Marahaba. Barua yako ilichelewa, au mimi nilichelewa kuifungua, sikumbuki vizuri. Nilikuwa na homa. Goti la Bibi linamsumbua asubuhi, ikifika mchana linasahau. Mashine namba mbili imekufa kabisa, tunafua kwa moja, shuka zimerundikana mpaka mlangoni.

Huyo dada ana watoto? Umesema sweta la kijani tu, hukusema ni mtu wa umri gani.

Habari ya bima yangu ni ndefu, ya kiofisi, haiingii kwenye mistari miwili. Na simu, wiki ile simu zilikuwa nyingi. Fomu sijaiona.

Nami nikuulize. Jumatano alipokuja kwako alikuwa katika hali gani? Alikaa? Alikula? Hujapata kuniambia.

Usikeshe na hiyo kura. Ushindi upo tu.

Mjomba


Bweni, chumba cha 14
20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na Bibi shikamoo, na goti lake pole.

Nimekuuliza mambo mawili, umenijibu kwa homa na mashine. Sijazoea. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akiulizwa ajibu. Nadhani unaogopa kuandika kitu kitakachosomwa mbele za watu, au huzuni imekuelemea. Sitakusumbua tena.

Kura ni tarehe 15 Mei. Nitahutubia ukumbini mchana ule, kabla ya masanduku kufunguliwa. Usiponiandikia kinyume, nitajua mambo ni kama ninavyoyajua.

Ulitaka kujua. Yule dada ana watoto wawili, anaishi nyuma ya kiwanda cha magodoro. Sikumtafuta, yeye ndiye aliyeniandikia. Kikaratasi chenyewe kilikuwa na maneno manne: "Tafadhali muulize mjomba wako." Nimekichana.

Jumatano alikuja mchana. Hakukaa. Hayo tu.

Wakili


Nyumbani
12 Mei

Wakili wangu,

Leo sitangulizi marahaba. Ukishasoma huenda ukataka kuichukua shikamoo yako, na mimi sitaki kuwa nimeshaila.

Dada wa mapokezi hakudanganya. Neno kwa neno ndivyo ilivyokuwa.

Juni mwaka jana hospitali ilimkabidhi mkandarasi kazi yote ya kufua. Tuliitwa tukasomewa karatasi tukiwa tumesimama katikati ya mashine, hata hawakuzizima. Sare ileile, geti lilelile, beji ileile yenye picha yangu ya zamani. Kilichobadilika ni mwajiri, na bima ikafia hapo. Mkandarasi alisema ataleta yake Oktoba. Sikumwambia Bibi yako, na ninyi sikuwaambia. Niliona haya. Miaka ishirini na miwili niko hospitali, halafu sina hata kadi ya kumtibia mtu jino!

Septemba Kitinda akaja na fomu yake. Akasema, mjomba, ada imepanda, lakini ukisaini hapa najitoa, natumia bima yako. Alikuwa na furaha, aliona amenipunguzia mzigo. Ningeweza kumwambia ngoja Oktoba. Kalamu nilikuwa nayo mkononi na ulimi nilikuwa nao mdomoni. Nikasema, "Mpwa wangu alipe bima ya nini na mimi niko hospitali?" Nikasaini kwa mbwembwe, unaijua sahihi yangu ilivyo na mkia. Fomu ipo. Haijaguswa na panya. Nimekuwekea ndani ya bahasha hii.

Oktoba mkandarasi hakuleta kitu.

Jumatatu ile alinipigia nikiwa kwenye pasi kubwa ya shuka. Akasema, mjomba, kadi inakataa. Watu wa zamu walikuwa wananitazama. Nikasema, "Ah, huo ni mtandao wao tu, nenda kesho." Nilidhani ni jino tu. Nilidhani ndani ya siku moja nitapata la kufanya. Jumanne akapiga tena, sauti nzito, kama mtu mwenye kitu mdomoni. Nikamwambia kesho. Hakuniuliza swali la pili. Mtoto yule hakuniuliza swali la pili maisha yake yote.

Wewe akakwambia "wamesema". Hakusema "mjomba amesema". Nafikiri alishajua, Wakili. Nafikiri alikuwa ananifichia aibu yangu, na shavu limevimba.

Ndiyo maana simu iko kabatini.

Haya yote nilikwisha kukuandikia tarehe 3. Nilitia barua kwenye mfuko wa sare, nikapita mbele ya posta asubuhi, nikapita jioni, siku tatu. Siku ya nne nilivua sare nikaitupa kwenye mashine pamoja na shuka za wodi ya tatu. Mimi! Mimi niliyewachosha vijana wa watu kwa wimbo wa mfuko kwanza. Barua ilitoka imekuwa uji, na vipande vimeganda kwenye shuka nyeupe kumi na mbili. Vijana walicheka mpaka wakashika kuta. Nilivibandua kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa bado kinasomeka, kimeandikwa "kesho". Ukiniuliza kama nilisahau, sijui. Naapa sijui.

Kura ni tarehe 15. Najua barua hii haitawahi. Utasema, si ungepiga simu? Niliitoa kabatini. Nikaichaji. Nikaitazama mpaka taa yake ikazima, nikairudisha.

Huyo dada asiguswe kwa ajili yangu. Onyesha barua hii popote.

Mjomba wako, kama bado


Bweni, chumba cha 14
17 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo! Tumeshinda! Wameafiki elfu mbili mia sita, wamekataa mia saba. Ada ya bima haitapanda tena kiholela, wataanza kuja kwetu na kofia mkononi. Mweka hazina mwenyewe alipiga kura ya ndiyo, kisha akajitetea kwa nusu saa kwamba kikokotoo kilimlazimisha. Wanafunzi waliimba jina la Kitinda kutoka ukumbini mpaka kwenye geti. Laiti Bibi angesikia.

Barua yako haikuja, kwa hiyo nilisema kila kitu. Nilimtaja yule dada kwa kazi yake na dirisha lake. Nilisema, "Mwenzetu alikuja na kadi nzuri mkononi, akafukuzwa na uongo." Watu walizomea. Yeye alikuwepo, amesimama nyuma karibu na mlango na lile sweta. Hakutoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Jana asubuhi dirishani kulikuwa na mtu mwingine.

Nilidhani leo ningelala kama mtoto. Nimeamka alfajiri nikaosha nguo ambazo hazikuwa chafu. Mjomba, niambie umefurahi. Niandikie hata mstari mmoja.

Wakili wako


Bweni, chumba cha 14
9 Juni

Barua yako ya tarehe 12 imefika tarehe 26. Nimeisoma darasani, nimeisoma kwenye ngazi, nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye mstari wa chakula mpaka watu wakanipita.

Tarehe 3 ulikuwa na karatasi mfukoni. Tarehe zote ulikuwa na simu. Ungepiga, hata ukilia tu, hata ukikata bila kusema, ningejua. Aprili ungejibu swali langu moja, ningejua. Uliniacha nikasimama mbele ya watu elfu tatu nikamchafua mama wa watoto wawili, na wewe ulijua siku na saa. Ulinifanyia vilevile ulivyomfanyia Kitinda. Ulinipa kesho.

Niliipeleka barua kwenye baraza. Mweka hazina alinivuta pembeni akaniambia, kura imeshapita, itie kiberiti. Niliisoma yote, pamoja na pasi kubwa, pamoja na mbwembwe. Wengine walilia, wengine waliniita tapeli, na wote nawaelewa. Kura imebaki, kwa sababu ada ilipanda kweli na fomu ni ya kweli. Niliwaomba waondoe jina la mdogo wangu. Wamekataa. Wanasema wameshalizoea.

Halafu nilikwenda nyuma ya kiwanda cha magodoro. Alifungua mlango ameshika beseni. Nikamwambia kila kitu palepale mlangoni, sikuomba kuingia. Hakunitukana. Alisema, "Nilimwambia akae kwenye benchi. Ningemshika mkono nikamkalisha kwa nguvu. Hilo ndilo ninalolala nalo." Halafu akafunga mlango, taratibu, kama kuna mtu amelala ndani. Yeye, mjomba! Mtu pekee asiyekuwa na kosa, naye amejitafutia lake.

Basi nami nitasema langu, na si kwa kukufariji. Uliuliza habari ya Jumatano. Alikuja mchana, ameshikilia kitambaa shavuni. Mimi nilikuwa na mtihani kesho yake, nimetandaza karatasi kitanda kizima, hakukuwa na pa kukaa, na sikumtengea. Akaniuliza, "Dada, nifanye nini?" Sikuinua kichwa. Nikamwambia asukutue kwa maji ya chumvi, kesho nikimaliza mtihani tutaenda wote. Akasema haya. Akanitakia heri ya mtihani, maneno hayatoki vizuri, nikacheka.

Hospitali ni dakika ishirini kwa miguu. Ndiyo maana nilipiga kelele zote zile. Nilitaka awe mtu mwingine, mtu yeyote mwenye dirisha.

Mtihani nilifaulu.

Wakili


Nyumbani
1 Julai

Mwanangu,

Nimeitafuta shikamoo juu ya karatasi, nikaitafuta chini, nikageuza nyuma. Haipo. Sawa. Bibi amesoma uso wangu akajua.

Nimemwambia yote. Aliinuka, akaenda kwenye kikombe, akavaa meno yake, mara ya kwanza tangu Novemba tulipomzika Kitinda. Akarudi akakaa mbele yangu ili aseme vizuri. Halafu hakusema kitu. Sasa anayavaa kila siku, na bado hajasema.

Mkuu wa chuo nimemwandikia kwa mkono wangu kuhusu yule dada. Nimesaini bila mkia. Safari hii niliingia posta nikasimama mbele ya dirisha mpaka nikaona muhuri umegongwa.

Sikiliza, na hili ulisikie kama jambo la mwisho nililowahi kukuomba. Maji ya chumvi si kosa. Mtu yeyote angemwambia hivyo, nesi angemwambia hivyo. Usijitwike Jumatano. Jumatatu na Jumanne ni zangu, na hiyo Jumatano nipe mimi pia, mgongo wangu umeshazoea mizigo. Wewe una miaka mingi mbele, utabebaje?

Simu nimeitoa kabatini. Sitakupigia. Ila ikilia, nitapokea mlio wa kwanza.

Marahaba. Najua hukuniamkia. Naiacha tu hapa chini, isikae kwangu bila kazi.

Mjomba


Bweni, chumba cha 9
12 Septemba

Mjomba,

Nimehamishwa chumba, hiki kina dirisha kubwa. Mwaka wa mwisho umeanza. Ada ya bima imepanda asilimia mbili tu, na kampuni imepunguza huduma moja ya meno, kusafisha, kutoka mara mbili kwa mwaka kuwa mara moja. Mweka hazina ananitazama kama mtu aliyeshinda dau. Nimemkubalia, alikuwa na nusu ya haki.

Dada wa mapokezi alirudishwa Agosti. Jana nilipokwenda kuchukua kadi mpya nilimkuta yeye. Alipokea karatasi zangu, akagonga muhuri, hakuniangalia. Nyuma yangu alikuwepo msichana wa mwaka wa kwanza, kashika shavu, anasema kadi yake bado haijatoka, atarudi kesho. Yule dada aliacha muhuri, akatoka nje ya chumba chake, akamshika mkono akamkalisha kwenye benchi. "Kaa hapa," akamwambia. "Hapa hakuna kesho." Halafu akaenda kumwita nesi mwenyewe. Aliporudi tulitazamana. Hayo tu.

Kwenye fomu kuna sehemu ya jina la mlezi. Nimeandika lako. Mkono haukusita. Mdomo bado, mjomba. Najaribu shikamoo yako asubuhi nikiwa peke yangu, inafika kooni inarudi. Jumatano nayo sijaweza kukupa, bado iko kwangu. Shikamoo ya Bibi mpe, mwambie aseme neno, hata la kukutukana.

Ile marahaba yako niliikata chini ya barua kwa mkasi, nikaitia kwenye kifuko cha kadi ya bima. Na ile ya akiba ya Februari nimeikata pia. Ziko mbili, ninatembea nazo. Kwa hiyo siku nitakayoweza kukuamkia, hata ikiwa nimechelewa, hata ikiwa huwezi tena kuitikia, jibu ninalo.

Mpwa wako